Taa Ipo, Akiba ya Mafuta Je?



Wapendwa wanakamati wa sharika na wafadhili wetu,

Katika ziara moja ya mradi nilifika kwenye zahanati ya kijijini nikakuta paneli nne za sola juu ya paa, nzima na safi. Ndani, mkunga alikuwa anazalisha kwa mwanga wa tochi ya simu. Betri zilikuwa zimekufa zaidi ya mwaka mmoja. Mfadhili alijua ametoa umeme, kamati ilijua imepokea umeme, lakini hakuna aliyekuwa ametenga fedha ya betri nyingine. Makala hii inaeleza kwa nini jambo hilo hutokea, na namna ya kulizuia.

Nchi inakoelekea

Serikali imewekeza sana katika umeme. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yake yote tisa ilikamilika mwaka 2025. Januari 2025 viongozi wa Afrika walikutana Dar es Salaam kuhusu mpango wa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika wa kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo mwaka 2030. Tanzania iliahidi kufikisha asilimia 75 ya wananchi wake.

Kusini tuna historia yetu. Kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zilitegemea mitambo ya gesi ya Mtwara mjini, bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Gesi ya Mnazi Bay ni nafuu kuliko dizeli na moshi wake ni mdogo, lakini mtambo mmoja ukiharibika, giza lilifika hadi kwetu Nachingwea na Ruangwa. Aidha, nguzo kufika kijijini si sawa na kufika kila kitongoji.

Hivyo basi, ushauri wetu ni huu. Mahali ambapo laini ya TANESCO imefika, unganisheni. Mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, na hakuna sola inayoshinda bei hiyo. Sola ibaki kwa kazi mbili: kuhudumia mahali laini haijafika, na kuwa akiba ya chumba cha kujifungulia na jokofu la chanjo umeme unapokatika.

Betri ndiyo moyo wa mradi

Paneli hudumu miaka 20 na zaidi. Betri haidumu hivyo. Betri ya kawaida ya risasi na tindikali huishi miaka mitatu hadi mitano ikitunzwa vizuri. Yenye volti 12 na ampea-saa 200 hubeba takribani uniti 2.4, lakini isitumike zaidi ya nusu yake. Taa 8 za wati 9 zikiwaka saa 6 hutumia chini ya nusu uniti, na hapo betri inapumzika. Mtu akiongeza televisheni na spika za kwaya, betri hushuka hadi chini kila usiku, na maisha yake hufupika sana.

Betri za lithiamu ni ghali zaidi wakati wa kununua, ila hustahimili kutumiwa kwa kina na huweza kudumu miaka kumi. Ndani yake mna madini ya kinywe, haya haya yanayopatikana Ruangwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme betri mbili zinagharimu Sh. 1,200,000 na zitadumu miaka mitano. Gawanyeni kwa miezi 60: ni Sh. 20,000 kwa mwezi, au Sh. 240,000 kwa mwaka. Usharika unaweza kuimudu fedha hiyo ikikusanywa kidogo kidogo, lakini ni vigumu kuipata yote siku betri imekufa.

Tunachowaomba

Kwa kamati za sharika: kwanza, fungueni akaunti ya betri, tofauti na mfuko wa ujenzi. Mchango ufuate msimu wa ufuta na korosho, maana mkulima wetu hapokei mshahara wa mwezi. Fedha ya kuchajia simu nayo iingie humo. Pili, teueni mtu mmoja wa kufuta vumbi kwenye paneli, kuongeza maji yaliyosafishwa kwenye betri na kuandika kwenye daftari. Tatu, bandikeni ukutani orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kuunganishwa, na mwenyekiti naye aifuate.

Kwa wafadhili: tunawashukuru sana. Ila tunaomba bajeti ya kila mradi iwe na mafunzo ya fundi wa hapo hapo na ziara za ukaguzi, hata kama idadi ya paneli itapungua. Zahanati tatu zenye mwanga mwaka wa sita ni bora kuliko kumi zilizopigwa picha siku ya uzinduzi.

Wazee wa Nachingwea wanasimulia Mpango wa Karanga ulioletwa na Waingereza mwaka 1947. Zilikuja fedha nyingi, matrekta, hata reli. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na reli nayo iling'olewa miaka ya 1960. Fedha peke yake haikuuokoa.

Tusome tena Mathayo 25, habari za wanawali kumi. Wote kumi walikuwa na taa. Waliofungiwa nje ni wale ambao hawakubeba mafuta ya akiba. Kamati itakapokutana robo hii, ajenda ya kwanza iwe akaunti ya betri.