Starlet, Kamba na Milimita Ishirini

Tairi ndio ilituambia ukweli. Ilikuwa Jumapili jioni, tuko Kariobangi Light, ndai bado ina joto, na mzae mwenye hutuchomelea eksosi akainama kwa tairi ya mbele kushoto. Akaipapasa na kidole gumba kutoka ndani hadi nje. Ndani meno yako mazima, bado mapya. Katikati iko sawa. Bega la nje nalo limeng'oka vijipande, laini kama sabuni imelala kwa maji, na maandishi ya ubavuni yameanza kufutika.

"Vijana," akasema, "hii gari inakimbia na ukingo. Tairi yenyewe bado hamjaitumia."

Tulikuwa tumetoka mazoezi, siku nzima kwa lami ya kiwanja kilichofungwa, koni zimepangwa. Mbogi yote ilikuwa inalia kitu moja: ukiingia kona, sterini umekata hadi mwisho na pua inaendelea moja kwa moja. Kila mtu ako na dawa. Mmoja anasema tununue tairi pana. Mwingine anasema turbo. Manze, turbo ingetufikisha kwa ile kona mbio zaidi, na pua bado haigeuki.

Wacha nikuchoree hii ndai. Ni Starlet EP82, ile Toyota walianza kuuza Japan mwisho wa 1989 na wakaibadilisha na EP91 mwaka wa 1996. Haifiki kilo 900. Iko ile GT yenye turbo, farasi 135, hiyo ndio kila mtu huulizia. Yetu ni 1300 ya kawaida, ya kubeba mathe sokoni. Na sheria ya hapa Kenya haikubali kuingiza gari imepitisha miaka 8, so kila EP82 unaiona mtaani ni mwenyeji wa kitambo. Imekula matuta na mashimo hadi imezoea. Hiyo ndio sababu ya kwanza usiamini eti mbele yake bado imekaa vile ilitoka kiwandani.

Sasa, kemba ni vile tairi imesimama ukiiangalia kutoka mbele ya gari. Juu ikiingia ndani, hiyo ni negativu. Juu ikitoka nje, positivu. Kiwandani Starlet huwekwa karibu na sufuri, na hiyo ni poa kwa mtu wa kuenda job na kurudi. Lakini ukikata kona ya kulia na mwendo, bodi inalala kushoto, uzito unahamia kwa tairi ya kushoto, na tairi inalazwa pamoja na bodi. Bodi ikilala digrii 3, ile tairi yenye imebeba kazi yote inasimamia bega la nje. Kiganja cha tairi hakikanyagi sawa. Ukianza na negativu ya kutosha, bodi ikimaliza kulala ndio tairi yote inakanyaga lami.

Kuna kitu hapa wasee wa kukata spring hawajaambiwa. Mbele ya Starlet ni strati za MacPherson: shoki yenyewe ndio imeshika habu kwa juu, chini kuna mkono mmoja. Gari ikiwa kwa urefu wake, ule mkono umeinama kidogo ukielekea tairi, na gari ikizama tairi inapata negativu kidogo. Kata spring sana, mkono unapita ile laini ya kulala sawa na kuanza kupanda. Kutoka hapo, kila ukizama kwa kona, tairi inapoteza negativu badala ya kuongeza. So unaona ndai iko chini, imekaa fiti kwa picha, na kwa kona ni mbaya kuliko ile ya mathe. Yetu ilikuwa imekatwa na mwenye alituuzia. Kitu ya kwanza mzae alitufanyia ni kuturudishia spring nzima kutoka kwa wasee wa spea wa Grogan.

Kupima ndio ilinibamba zaidi, ju nilidhani lazima uende kwa mashine ya leza na uache ngiri kadhaa. Tulikuwa tumeshaenda mahali kama hapo, tukapewa karatasi imeandikwa kila kitu kiko kijani, na tairi zikaendelea kuisha. Mzae yeye alitoa kamba, nati nzito na rula. Sakafu kwanza: tairi yenye iko chini unaiwekea vipande vya tailsi hadi zote nne ziwe levo moja. Halafu uzito. Gari ya mashindano haikimbii bila dereva, so tulifunga magunia kwa kiti hadi ikafika kilo za bro mwenye huendesha, na tanki nusu. Upepo wa tairi sawa pande zote. Baada ya kushusha jeki usipime hapo hapo, tairi zimejibana. Sukuma gari mbele, irudishe, iache ikae yenyewe.

Hapo ndio unaning'iniza kamba mbele ya rimu, nati chini, inatulia wima. Unapima kutoka kamba hadi ukingo wa juu wa rimu, na kutoka kamba hadi ukingo wa chini. Tofauti ya hizo mbili ndio kemba yako. Rimu ya inchi 14 ni kama milimita 380 ukingo hadi ukingo, so digrii 1 ni milimita 6 na nusu hivi. Kushoto yetu ilikuwa na milimita 3, yaani nusu digrii. Kulia ilikuwa sufuri kabisa. Gari moja, miguu miwili tofauti, na ile karatasi ya kijani bado iko kwa dashibodi.

Tulikuwa tunataka negativu ya digrii 3. Milimita 20.

Kwa hizi strati, shoki imeshikana na habu na bolti mbili, moja juu ya ingine, kama sentimita 6 katikati yazo. Hesabu yake ni tamu: sogeza ile ya juu milimita 1 na umepata karibu digrii 1. Njia safi ni bolti ya kemba, yenye mwili wake ni mwembamba ama imechongwa yai, unaizungusha na habu inalala. Hiyo hukupa digrii 1, ama 1 na nusu. Njia ya kijiji ni kupanua shimo la juu la shoki na tupa. Wasee wa rali wamefanya hivyo tangu kitambo na inafanya, lakini hapo hakuna kitu kinashikilia isipokuwa vile umekaza. Ikiteleza katikati ya kona, tairi inabadilisha kemba yake ukiwa ndani. Mi sikubali hiyo njia kwa ndai yenye mtu ataendesha mbio, na mzae pia alikataa. Njia ya tatu ni kiti cha juu cha shoki chenye kinateleza, pale chini ya boneti. Hiyo inalaza strati yote, na ndio tulinunua, ya mitumba, tukachanganya na bolti moja ya kemba kila upande.

Cheki tofauti yake. Ukilaza habu na zile bolti za habu, tairi inakaribia shoki, na tairi pana inaweza guza kikombe cha spring. Ukilaza na kiti cha juu, tairi na shoki zinaenda pamoja, nafasi kati yao haibadiliki. Sisi tulianza na bolti hadi ikabaki nafasi ya kidole kimoja, halafu kiti cha juu kikamalizia zile digrii.

Hapa sasa nisikize vizuri. Ukiguza kemba umeguza tou, yaani vile tairi mbili za mbele zinaangaliana. Tai rodi haijabadilika urefu na habu imehama, lazima tairi zigeuke kidogo. Wengi hukaza bolti, wanapiga picha, wanaishia. Baada ya wiki tairi zimelika ndani hadi waya, na wanasema kemba ndio ilikula. Kemba hula polepole. Tou mbaya ndio hula tairi kama panya. Pima upya, upande hadi upande, mbele ya tairi na nyuma ya tairi, urekebishe tai rodi pande zote sawa ndio sterini isikae kombo.

Nambari 3 si ya kila mtu. Kwa mchanga na vumbi, kama autokrosi, lami haiko ya kulaza bodi hivyo, na digrii 1 na nusu hivi inatosha. Kwa gari ya barabarani, moja. Ukizidisha, tairi inakanyaga kwa ukingo wa ndani ukienda moja kwa moja: breki zinaanza kufunga mapema na, kwa gari ya kuvutwa na mbele kama hii, tairi zinazunguka bure ukitoka laini. Na zile ndai zimelazwa tairi digrii 8 kupendeza base, ni usanii wake na nauheshimu, lakini usiite hiyo seti ya mbio.

Tulirudi kwa koni wiki mbili baadaye. Kabla ya kutoka, mzae alichora mistari ya chaki kutoka meno hadi ubavuni, kila tairi. Raundi tatu, simama, cheki. Chaki ya bega ilifutika ikaishia pale pale tairi inaanza kupinda. Ubavu ulibaki mweupe. Bro alitoka kwa ndai akasema neno moja tu: "Inageuka." Halafu tukafungua boneti, tukakaza kila bolti tena, na bolti moja ya upande wa kulia iliingia robo raundi zaidi. Ingekuwa tumeisahau, ingekuwa story ingine.

Hiyo bolti tulikaza na toku renchi ya kuazimwa, ju mbogi yetu haina. Wasee wengi wako nayo, imefungiwa kwa boksi chini ya kitanda. Ka wewe ni mmoja wao na kuna vijana wa mtaa wanajenga ndai, ipeleke hapo Jumamosi. Wataitumia na kukurudishia.