Pikipiki Ikikataa Njiani: Waya Kwanza, Kabureta Baadaye

Askari wa doria anaijua vyema njia itokayo Kasese kwenda Bwera. Lami hushuka kusini hadi Kikorongo, jirani na mstari wa ikweta, kisha hukata magharibi kuelekea Mpondwe, ambako mto Lhubiriha hututenganisha na Kongo. Lakini kazi ya askari haiishii kwenye lami. Juu ya Bwera, njia za udongo hupanda Kitholhu na Ihandiro, katika miinuko ya Rwenzori, na wakati wa mvua aghalabu gari halipiti huko. Pikipiki ndiyo mguu wa askari.

Mpaka huu si wa kufanyiwa mchezo. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji wa ADF waliivamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Anayewalinda wananchi wa mahali kama hapa hana ruhusa ya kukwama kilimani kwa sababu ya waya uliolika au uchafu mdogo kama punje ya ulezi.

Tumeona mara nyingi kwamba injini ikianza kukohoa, dereva hukimbilia bisibisi na kuifungua kabureta. Hilo ni kosa. Kabureta hulaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Yafaa tuanze na mambo mepesi, tena tubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. La sivyo hatutajua lipi lililoponya na lipi lililoharibu.

WAYA WA MAFUTA

Injini ikiwa imezimwa, zungusha kishikio cha mafuta hadi mwisho, kisha kiachie. Hakina budi kurudi chenyewe upesi. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto, kisha kulia. Kikisita, waya umekauka, umepindika au umebanwa na tangi.

Sasa washa injini, gia ikiwa huru, na ukate usukani pande zote mbili. Sauti ya injini ikipanda bila ya kugusa kishikio, waya umevutwa mno au umepitishwa mahali pasipofaa. Kishikio chapaswa kuwa na nafasi ya kucheza, milimita 2 hadi 6 hivi, kabla ya kuanza kuvuta.

Chunguza ncha zote mbili. Nyuzi za chuma huanza kukatika pale waya unapoingia katika kichwa chake cha risasi. Uzi mmoja ukikatika, waya huo usisafiri tena, badilisha. Ulio mzima lakini mkavu, utundike na kuudondoshea mafuta mepesi juu mpaka yatokeze chini. Madereva wenye busara hufunga waya wa akiba kando ya ule unaotumika.

Na kama mafuta yatang'ang'ania mwendoni, usitaharuki: bana klachi, zima injini kwa swichi, ndipo ushike breki.

NJIA YA PETROLI NA HEWA

Kuna ugonjwa unaowadanganya wengi. Pikipiki huenda kilomita chache, huzimika, hupumzika kidogo, kisha huwaka tena. Fungua mfuniko wa tangi: ikisikika hewa ikivutwa ndani na injini ikapata nguvu, tundu dogo la mfuniko limezibwa na tope. Lisafishe, kazi imekwisha. Tazama pia koki ya petroli na chujio la hewa; vumbi la bondeni hulijaza upesi.

KABURETA YENYEWE

Hapo ndipo tufike kwenye kabureta. Funga koki, weka sigara na taa ya moto mbali, kisha legeza skrubu iliyo chini ya bakuli ili petroli imwagike katika chombo kisafi. Matone yakikaa chini ya petroli, hayo ni maji. Huenda yameingia wakati wa kuvuka mto au kutoka kwenye dumu. Mara nyingi kuyamwaga kunatosha.

Petroli ikitiririka nje bila kukoma, boya limetoboka au uchafu umeizuia sindano yake isifunge. Injini ikiwaka kwa choki tu na kufa choki inapoondolewa, tundu la jeti ndogo limeziba. Lipulize kwa pampu ya baiskeli. Usitie waya wa chuma humo, maana tundu likipanuka, jeti imeharibika kabisa. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ikaze taratibu huku ukihesabu mizunguko, uandike, ili uirudishe ilipokuwa.

Unaporudisha kile kipande kinachopanda na kushuka, ambacho ndicho kilichofungwa waya, upande wake uliokatwa uelekee kwenye chujio la hewa. Kikigeuzwa, injini yaweza kunguruma ovyo mara inapowashwa.

KILIMANI

Hewa hupungua kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi kila tunapopanda meta 1,000. Basi pikipiki iliyotengenezwa vizuri Kasese yaweza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu milimani, na plagi yake ikawa nyeusi kama mkaa, kwa kuwa petroli imeizidi hewa. Hakikisha choki haikubaki imevutwa na chujio ni safi. Kama utakaa huko juu siku nyingi, teremsha sindano ya kabureta hatua moja kwa kupandisha kibanio chake. Ukishuka bondeni, irudishe. Vinginevyo hewa itaizidi petroli, plagi iwe nyeupe na injini ichemke mno.

Ukaguzi wa kishikio, waya na mfuniko hauchukui hata dakika tano. Ufanywe kila asubuhi kabla ya doria, kama bunduki inavyokaguliwa. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kwa askari wa mpakani, ukuta huo waweza kuwa ni mwananchi aliyeita usiku, na msaada ukachelewa kufika.