Mfumo wa Ushuru Ukaguliwe Kwenye Karatasi Kabla ya Kufika Sokoni

Kaunti inapotaka mfumo wa kidijitali wa kukusanya ushuru, swali la kwanza si umaridadi wa skrini. Swali ni je, mfumo ulivyopangwa utatimiza yale ambayo wananchi na sheria wanahitaji? Ukaguzi huu unafaa kufanywa kabla mwanakandarasi hajaanza kazi, na mkazi ana nafasi ndani yake.

Kila mfumo una ramani inayoonyesha sehemu zake: kimashine cha afisa wa mapato, kompyuta inayohifadhi kumbukumbu, na njia ya pesa kutoka kwa simu ya mchuuzi hadi benki. Wataalamu huita ramani hiyo usanifu wa mfumo. Wakaguzi huorodhesha mahitaji, kisha huuliza kwa kila hitaji: ni sehemu gani ya ramani inayolijibu? Hitaji lisilojibiwa ni pengo. Sehemu isiyojibu hitaji lolote ni gharama ya bure.

Chukua mifano mitatu.

Mtandao. Mama mboga aliyelipa asubuhi hapaswi kutozwa tena mchana eti mtandao umepotea. Ikiwa kimashine kinategemea kompyuta ya makao makuu kwa kila swali, hitaji hili halijatimizwa. Kinafaa kubeba nakala ya malipo ya siku hiyo, naye mchuuzi apate ujumbe wenye nambari ya risiti.

Viwango. Ada hubadilika Bunge la Kaunti linapopitisha Sheria ya Fedha. Afisa aliyeidhinishwa aweze kuweka viwango vipya bila programu kuandikwa upya, na jina lake libaki kwenye kumbukumbu.

Njia ya pesa. Kifungu cha 207 cha Katiba kinaagiza mapato yaingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo. Ramani ionyeshe safari ya kila shilingi, isipotelee njiani.

Kupuuza mahitaji ya watumiaji kuna gharama. Marekani ilifungua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov, Oktoba 1, 2013. Watu walitakiwa kufungua akaunti kabla ya kulinganisha bima, na umati ukakwama kwenye mlango huo mmoja. Nyaraka zilizotolewa baadaye zilionyesha kuwa ni watu sita tu waliokamilisha usajili siku ya kwanza. Kurekebisha ramani kungegharimu kidogo kuliko kuokoa tovuti iliyokwisha kufunguliwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mkazi ana nafasi gani? Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka uwazi na ushirikishaji wa umma katika masuala ya fedha. Unapohudhuria kikao cha maoni, taja hitaji linaloweza kupimwa. “Tunataka mfumo mzuri” haliwezi kukaguliwa. “Nikilipa, nipate ujumbe ndani ya dakika moja” linaweza. Uliza pia nani ataona nambari yako ya simu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa zako.

Mchuuzi, mhudumu wa bodaboda na mwenye duka ndio wanaojua kazi inavyofanyika mashinani. Uliza katika ofisi ya msimamizi wa wadi yako tarehe ya kikao kijacho, na ufike na orodha yako.