Hedifoni Zako kwa Vipande vya Simu Mbovu

Sauti: Mtangazaji, Fundi wa simu

(Muziki wa kufungulia unapanda, kisha unashuka.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumzia hedifoni. Huenda ukasema, "Sabuni yenyewe sina, hedifoni za nini?" Lakini simu nyingi ndogo za batani hazishiki redio bila waya wa hedifoni. Waya ukikatika, redio nayo imekatika. Hutasikia tangazo la chanjo, la mgao, wala habari za nyumbani. Yuko nasi fundi wa simu. Fundi, karibu.

FUNDI: Asante, dada. Nawasalimu wote.

MTANGAZAJI: Kwanza, kwa nini simu inautaka huo waya?

FUNDI: Kwa sababu ndio antena yake. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita 3 hivi, na antena hufanya kazi vizuri ikiwa robo ya urefu huo, yaani sentimita 75. Ukiukata waya ukabaki mfupi, redio inakwaruza. Kwa hiyo usipungue sentimita 75, na unaposikiliza usiukunje mfukoni. Uache unyooke.

MTANGAZAJI: Na ndani ya kile kispika mna nini?

FUNDI: Vitu vitatu tu: sumaku, koili ya waya mwembamba wa shaba, na kiwambo chepesi cha plastiki. Koili imegandishwa kwenye kiwambo. Umeme wa sauti ukipita ndani ya koili, sumaku inaivuta na kuisukuma haraka sana. Kiwambo kinatikisika, hewa inatikisika, sikio linasikia. Ni ngoma ndogo inayopigwa na umeme. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja, Nathaniel Baldwin wa Utah, alitengeneza hedifoni jikoni kwake, na jeshi la wanamaji la Marekani likazinunua.

MTANGAZAJI: Kumbe hata jikoni inawezekana! Tutafute vitu gani?

FUNDI: Spika mbili kutoka simu zilizokufa. Chukua ile ndogo ya juu, unayoiweka sikioni ukipiga simu. Usichukue ile ya mlio, maana inahitaji umeme mwingi na itailemea simu yako. Tafuta pia hedifoni mbovu, upate waya na pini. Halafu vifuniko viwili vya plastiki vya chupa, sponji ya godoro kuukuu, na gundi.

MTANGAZAJI: Tutajuaje kama spika ni nzima?

FUNDI: Chukua betri moja ya tochi na vipande viwili vya waya. Gusisha kwenye ncha mbili za spika, mara moja tu, na uondoe. Ukisikia "tak", ni nzima. Ikinyamaza, tafuta nyingine.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

FUNDI: Hatua ya kwanza: toa betri ya simu mbovu kabla ya kuifungua. Betri ya simu usiitoboe, usiipinde wala kuitupa motoni. Inaweza kulipuka.

Hatua ya pili: kata waya wa zamani karibu na vispika vyake. Ndani utakuta nyuzi za rangi. Kwa kawaida nyekundu ni ya kulia, kijani au buluu ni ya kushoto, na ya rangi ya shaba ni ya pande zote mbili.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Nyuzi hizo zimepakwa rangi isiyopitisha umeme. Ukiziunga hivyo hivyo, hutasikia kitu. Pitisha ncha kwenye moto wa kiberiti kwa sekunde moja, kisha isugue kwa msasa mpaka ing'ae.

Hatua ya nne: unga uzi wa rangi kwenye ncha moja ya spika, na uzi wa shaba kwenye ncha ya pili. Fanya hivyo pande zote mbili. Kulehemu ni bora. Kama huna lehemu, sokota vizuri na ufunge kwa utepe. Nyuzi mbili zisigusane.

Hatua ya tano: toboa kifuniko kwa msumari wa moto, pitisha waya, na upige fundo kwa ndani ili ukivutwa using'oke. Hii ifanye kabla ya kuunga. Weka spika uso wake ukiangalia sikio, paka gundi pembeni tu bila kugusa kiwambo, kisha funika kwa sponji.

MTANGAZAJI: Na kama sauti haitoki vizuri?

FUNDI: Ikitoka upande mmoja, kagua maungio ya upande wa pili. Ukisikia muziki lakini sauti ya mwimbaji iko mbali kama ndani ya pipa, uzi wa shaba wa pamoja umekatika. Mara nyingi ni karibu na pini.

MTANGAZAJI: Na usalama wetu?

FUNDI: Usivae hedifoni simu ikiwa kwenye chaji. Anza na sauti ya chini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi asilimia 60 ya sauti yote ya simu, maana sikio likiharibika kwa kelele halirudi. Usiku, acha sikio moja wazi, usikie mtoto akilia au jirani akiita.

MTANGAZAJI: Wasikilizaji, mmesikia. Spika ndogo mbili, waya usiopungua sentimita 75, na ncha zilizosuguliwa zikang'aa. Kabla ya kutupa simu mbovu, tazama kwanza ndani yake. Na ukifanikiwa kutengeneza zako, mwonyeshe na jirani.



(Muziki wa kufungia.)