Nani Anakula Vifaranga Wetu?

Mwaka mmoja, katika mwezi wa nane, mama mmoja wa kanisa letu anayekaa Kikula alifika nyumbani kwangu asubuhi, chai ingali mezani. Kuku wake alikuwa ametotoa vifaranga 11. Siku kumi hazijaisha, walikuwa wamebaki wanne.

«Pasta, ule mutoto wa jirani njo anaiba bana ba kuku yangu. Kila siku moja. Na mama yake anamuficha.»

Wamama hao wawili huimba katika kwaya moja. Lakini juma zima hawakuwa wamesalimiana, na mtoto alikuwa amekwisha kupigwa.

Nilikwenda kukaa katika lupango yake. Ilikuwa safi kabisa, imefagiwa, hakuna hata jani moja chini, muembe mmoja tu kule karibu na choo. Wale vifaranga wanne walikuwa wakifuata mama yao katikati ya uwanja mtupu. Haikupita saa moja. Kivuli kilipita juu ya udongo, kuku akalia, na kabla hatujasimama mwewe alikuwa amekwisha kupanda juu, na kitu kidogo cha manjano katika makucha yake. Yule mama alinyamaza. Walibaki watatu.

Ndugu wasomaji, msicheke. Katika Likasi kuku si mchezo. Tangu mishahara ya Gécamines ilipoanza kukosekana miaka ya 1990, na zaidi tangu wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 walipoondoka katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004, nyumba nyingi zimelipa minerval ya watoto kwa kuku. Vifaranga saba ni daftari, ni dawa, ni nguo ya Noeli. Ndiyo sababu mtu anatafuta haraka wa kumshitaki.

Basi tumjue mwizi. Mwewe ni ndege wa rangi ya kahawia, mdomo wa manjano, mkia umegawanyika kidogo kama uma. Huyu hakai kwetu mwaka mzima. Anatoka kaskazini ya ikweta, anafika karibu na mwezi wa nane, anajenga kiota, na karibu na mwezi wa tatu anarudi alikotoka. Ayubu aliulizwa juu ya ndege wa namna hii anayenyosha mabawa kuelekea kusini (Ayubu 39:26). Sisi wa Katanga tunaona kwa macho. Sasa angalieni: anafika wakati majani yamekauka au yamechomwa na lupango ziko wazi kama meza. Kisha anakuwa na watoto wa kulisha kiotani, na mvua bado haijaotesha kitu. Adui na uwanja mtupu vinafika pamoja.

Lakini miguu ya mwewe haina nguvu nyingi. Anaweza kifaranga, kuku mkubwa hamuwezi. Mwenye kuweza kuku mkubwa ni kipanga, hasa yule mweusi wa tumbo jeupe, anayependa miti mirefu kama mikalitusi. Huyo hazunguki juu angani. Anajificha katika matawi na kupita chini chini, mbio. Na wote wawili wanalala usiku. Kuku akipotea usiku, usimtaje mwewe. Tafuta kanu, mbwa, ao mlango usiofungwa. Na kama kuku wanasinzia na kufa mmoja mmoja pale pale chini, hiyo ni kazi ya kideri, wanaoita pseudo-peste. Dawa yake ni chanjo, na hiyo ni habari ya siku nyingine.

Tufanye nini? Vifaranga waliototolewa kati ya mwezi wa nane na wa kumi na moja wasitembee ovyo kabla ya majuma sita. Wengine wanafunika mama na watoto kwa kitunga kikubwa chenye matundu, wanakiinua saa moja asubuhi na jioni mtu akiwa pale. Wengine wanamfunga kuku mguu kwa kamba chini ya mti, na watoto hawaendi mbali naye. Ila mbwa akija, yule kuku hawezi kukimbia wala kupigana, basi mfikiri vizuri. Mimi ninapenda zaidi kizimba cha miti kilichofunikwa kwa wavu mzee. Wavuvi wa ziwa Tshangalele wana nyavu zilizochakaa wanazouza kwa bei ndogo. Chandarua cha mbu kinachotumika, kiacheni kitandani!

Jambo la pili ni kificho. Kuku akiona ndege juu, analia sauti ya pekee, na watoto wanakimbilia chini ya kitu. Kama hakuna kitu, sauti ile haisaidii. Kufagia ni kuzuri, sikatai, lakini acheni pembe moja ya lupango na sombe, matawi makavu, ao meza ya zamani iliyovunjika mguu. Kamba nyembamba zilizovutwa toka muembe mpaka ukuta zinamsumbua mwewe anaposhuka. Vitu vya kung'aa kama CD vinamtisha siku chache, kiisha anavizoea. Kunguru naye humfukuza mwewe, lakini msimshukuru mno, kwa maana yeye mwenyewe anakula vifaranga.

Sumu, hapana. Nimesikia vijana wakisema waweke dawa katika nyama juu ya bati. Katika Kenya, dawa ya wadudu iitwayo karbofurani iliwekwa katika mizoga kwa kuua simba, na tai wengi walikufa pamoja nao. Katika kambi zetu, atakayeokota ile nyama ni mbwa wa jirani, ao mtoto.

Siku ile nilimuita mama wa pili ukutani, na yule wa kwanza akamuomba masamaha. Hakuyatoa mara moja. Mtoto wake alikuwa bado na alama mgongoni. Wavu ulinunuliwa siku ya posho, na kuku yule alipototoa tena, kijana ndiye aliyepewa kazi ya kuinua kitunga asubuhi, kabla ya masomo. Malipo yake ni kifaranga mmoja, na alimchagua mwenyewe: jike.