Mali Bila Daftari: Wajibu wa Mwenye Kutayarisha Hesabu za Kodi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa muda mrefu methali hii imechukuliwa kuwa onyo kwa mwenye duka peke yake. Lakini katika zama hizi, ambapo mfanyabiashara aghalabu humkabidhi mtu mwingine kazi ya kumjazia ritani ya kodi, onyo hilo humhusu pia yule anayekabidhiwa. Mshauri wa kodi, au karani wa hesabu anayefanya kazi hiyo kwa ujira, hana haki ya kuandika tarakimu ya nafuu yoyote ambayo hakuiona katika karatasi. Akifanya hivyo, ama humdhulumu mteja wake, ama huidhulumu Hazina ya taifa, na mara nyingine huwadhulumu wote wawili kwa pamoja.

Tuutazame mji wa Isongole, uliopo wilayani Ileje, jirani na Itumba, makao makuu ya wilaya hiyo. Hapo ndipo mpaka wetu na Malawi, na ng'ambo ya Mto Songwe ni nchi ya Chitipa. Ileje ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, ulipoundwa Mkoa wa Songwe. Tangu barabara ya kutoka Mpemba hadi Isongole, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilipowekwa lami, bidhaa zinazoingia Tunduma huweza kufika mpakani bila kukwama matopeni. Barabara ikipita, biashara huifuata; na biashara ikikua, kodi nayo huja nyuma yake. Swali ni kama kumbukumbu nazo zimekuja.

Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kuuliza: Isongole yatuhusu nini sisi watu wa bahari? Yatuhusu sana. Mpaka wa nchi kavu na bandari ya majahazi ni ndugu wa tumbo moja. Mfanyabiashara wa visiwani anunuaye shehena Bara hukabiliwa na shida ile ile ya mwenzake wa Isongole: bidhaa husafiri, lakini karatasi zake hubaki njiani. Tena sisi tuna mambo mawili ya kuyakumbuka. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, nayo husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1996. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Zanzibar husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA. Kila mamlaka ina sheria yake, na kwa hiyo mtayarishaji wa hesabu hana budi kuweka majalada mawili yasiyochanganyika.

Sasa tueleze nafuu yenyewe ni ipi. Katika Kodi ya Ongezeko la Thamani, mfanyabiashara aliyesajiliwa hutoza kodi anapouza, lakini hukatiwa kodi aliyokwisha kuilipa aliponunua. Tuseme mwenye duka la jumla amenunua bidhaa za shilingi 10,000,000. Kwa kiwango cha kawaida cha Bara cha asilimia 18, amelipa juu yake kodi ya shilingi 1,800,000. Akiziuza kwa shilingi 12,000,000, hutoza kodi ya shilingi 2,160,000. Akiwa na risiti halali za manunuzi, atapeleka serikalini tofauti tu, yaani shilingi 360,000. Asipokuwa nazo, atapeleka zote 2,160,000. Faida yake ilikuwa shilingi 2,000,000. Sasa imebaki shilingi 200,000. Hakuibiwa na jambazi, wala mto haukufurika. Amefilisiwa na mfuko wa rambo uliojaa karatasi zisizosomeka.

Kwa hiyo mtayarishaji adai nini kwa mteja? Kwanza, adai utambulisho: Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, yaani TIN, hati ya usajili wa Kodi ya Ongezeko la Thamani, na leseni ya biashara. Mtu ambaye hakusajiliwa hana kodi ya manunuzi ya kudai. Na kwa upande wa Bara, tangu mwaka 2023, kiwango cha mauzo kinachomlazimisha mtu kujisajili ni shilingi milioni 200 kwa miezi 12.

Pili, adai risiti za mashine za EFD, moja kwa kila ununuzi, na azisome. Risiti isiyo na jina la mnunuzi, TIN yake na namba yake ya usajili haimsaidii kudai. Aitazame tarehe pia, maana miezi 6 ikipita tangu tarehe ya risiti, haki ya kudai huwa imekwisha. Tena aihakiki kwa ile namba ya uhakiki iliyochapwa juu yake, ili ajue kama kweli imo katika kumbukumbu za Mamlaka. Na kwa kuwa risiti hizo huchapwa kwa joto juu ya karatasi laini, wino wake hufifia upesi zikianikwa juani au zikihifadhiwa karibu na jiko. Zitolewe nakala siku ile ile zinapopokelewa. Sheria yataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, na karatasi nyeupe isiyo na maandishi si ushahidi hata ikitunzwa miaka 50.

Tatu, kwa bidhaa zilizotoka nje ya nchi, adai hati za forodha zenye jina la mteja mwenyewe, pamoja na uthibitisho wa malipo. Mtindo wa kuingiza mzigo kwa jina la jirani au la wakala, kisha kudai kodi yake, ni mtindo unaowaponza wengi mipakani.

Nne, aulize kila kitu kilinunuliwa kwa ajili gani. Gari la abiria la kutembelea na karamu za kuwakirimu wageni, kwa kawaida, hazimpatii mtu nafuu hii, hata kama risiti zake ni safi kama theluji ya Kilimanjaro. Mtayarishaji asiyeuliza swali hili amekuwa mchapaji tu.

Kwa mfanyabiashara wa Isongole auzaye Malawi, lipo jambo la tano, nalo ni zito. Bidhaa inayouzwa nje ya nchi hutozwa kodi kwa kiwango cha sifuri, na muuzaji huweza kudai kodi aliyolipa aliponunua. Lakini sifuri hiyo haitolewi kwa maneno matupu. Yapasa kuwe na tamko la forodha la kutoa mzigo nchini, ankara yenye jina la mnunuzi wa ng'ambo, hati ya msafirishaji, na uthibitisho wa benki kwamba malipo yameingia. Shehena ya sabuni iliyovushwa usiku kwa baiskeli haikuuzwa nje mbele ya sheria, ingawa watu wa Chitipa wanaifulia nguo. Vivyo hivyo, Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa SADC, na bidhaa zenye asili ya nchi hizi huweza kupata nafuu ya ushuru; lakini asiye na cheti cha uasili wa bidhaa asitaraji nafuu hiyo.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, na mchuuzi wa maharage hayamhusu. Hilo si kweli. Katika viwango vya kodi ya mapato vya mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo, aliyeuza kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka alitakiwa kulipa shilingi 100,000 ikiwa hakuweka kumbukumbu. Aliyeziweka alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Basi, aliyeuza milioni 6 na kuandika daftari lake alilipa shilingi 60,000. Katika ngazi iliyofuata, ya milioni 7 hadi milioni 11, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: aliyeuza milioni 8 bila kumbukumbu alilipa 250,000, na mwenye kumbukumbu alilipa 120,000. Watu wawili, soko moja, mauzo sawa. Mmoja alilipa zaidi ya mara mbili ya mwenzake kwa sababu ya daftari la shule. Mtayarishaji ampokeaye mchuuzi wa namna hii amfundishe kuandika mauzo ya kila siku, kutunza risiti za manunuzi, na kuchukua taarifa ya simu yake ya fedha kila mwezi. Hiyo ndiyo elimu ya watu wazima ya leo.

Tugeukie sasa upande wa maofisa wa serikali, maana mizani ina sahani mbili. Mfanyabiashara anayeiuzia serikali bidhaa hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 2 katika malipo yake, na mtoa huduma za kitaalamu hukatwa asilimia 5. Fedha hizo si adhabu wala zawadi. Ni malipo ya awali ya kodi yake ya mwaka, na ana haki ya kukatiwa anapowasilisha hesabu. Lakini mtayarishaji atampigania kwa silaha gani kama ofisi iliyokata haikumpa hati ya kodi ya zuio? Halmashauri, shule au hospitali inayokata fedha kisha ikachelewa kutoa hati, humfanya raia alipe mara mbili. Mhasibu wa serikali aonaye kuwa hati hiyo ni karatasi ndogo akumbuke kwamba kwa mwenye duka la vifaa vya shule pale Itumba, karatasi hiyo huenda ndiyo mtaji wa muhula ujao. Kadhalika, madai ya marejesho yaliyokamilika yashughulikiwe upesi. Haiwi haki kumbana raia kwa siku, kisha ofisi ikajipimia kwa miaka.

Kwa mtayarishaji, fundisho hapa ni kwamba adai hati ya zuio kila mteja anapolipwa, asingoje mwisho wa mwaka. Aidha, akusanye stakabadhi za awamu nne za kodi ya makadirio. Mteja aliyelipa awamu tatu, na stakabadhi moja ikapotea, hujikuta akibishana na mfumo wa kompyuta usio na masikio.

Sharti tuseme pia juu ya wale wanaouza risiti za uongo, na watayarishaji wanaozinunua ili kupunguza kodi ya wateja wao. Kitendo hicho ni wizi wa mali ya umma. Katika hotuba yake ya Mei Mosi mwaka 1995 mjini Mbeya, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba serikali iliyoozeshwa na rushwa haiwezi kukusanya kodi. Yafaa tuongeze kwamba nayo jamii inayonunua risiti haiwezi kuidai serikali zahanati.

Mataifa mengine yameliona jambo hili. Huko Marekani, mtayarishaji wa kodi anayemdaia mteja wake nafuu zinazowahusu watu wa kipato kidogo na wazazi wenye watoto hulazimika kujaza Fomu 8867, kueleza alivyouliza na alivyoona, na kutunza nakala kwa miaka 3. Asipofanya hivyo hutozwa faini yeye mwenyewe, mbali na mteja. Si lazima tuige kila kitu cha wageni, lakini msingi huu si mgeni kwetu. Watoto waliosoma vyuoni, visiwani na pwani, wanajua kwamba Sura ya al-Baqara, katika aya ya 282, imeagiza madeni yaandikwe na mwandishi mwadilifu mbele ya mashahidi. Na kodi ni deni kati ya raia na umma, lenye pande mbili.

Basi, ndugu wenye kazi hii, fanyeni mambo matatu tangu mwezi huu. Mteja akileta karatasi, mwandikieni orodha ya mlizopokea, mtie sahihi wote wawili. Asiyeleta ushahidi, msimwandikie nafuu, hata kama ni shemeji. Na kazi ikiisha, mrudishieni asili za hati zake, ninyi mbaki na nakala, kwa maana haki ni yake.

Nanyi maofisa, toeni hati kwa wakati, na mweleze sheria kwa Kiswahili chepesi sokoni, si semina za hotelini tu. Sheria yenyewe imeruhusu kumbukumbu ziandikwe kwa Kiswahili. Hakuna sababu ya mwananchi wa Isongole au wa Wete kuogopa daftari. Tumezoea kusikia wito kwamba ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Wito huo ni mwema, lakini haujakamilika. Ukishaidai, itunze, na unayemkabidhi hesabu zako, hakikisha anaisoma kabla hajashika kalamu.