Radi za Manga hazitoki ardhini

Asubuhi anga ya Kisii huwa safi. Kufika saa tisa alasiri, hasa kati ya Machi na Mei, wingu jeusi limeshasimama juu ya gema la Manga na kila mtu anaanua nguo. Ukiuliza kwa nini huku radi ni nyingi hivi, utaambiwa kuna madini ardhini yanayoivuta. Chanzo chenyewe kiko magharibi, Ziwa Viktoria.

Ziwa hilo liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko kwenye mita 1,700 hivi, na vilima vya Nyamira kama Kiabonyoru vinapanda zaidi. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hivyo hewa yenye unyevu huvuma kutoka ziwani, ikapambana na pepo za mashariki na kukuta vilima mbele yake. Haina budi kupanda. Ikipanda hupoa, mvuke hugeuka matone, na juu zaidi barafu. Vipande vya barafu vikigongana humo, wingu hujaa umeme. Mvua ya mawe inayochana majani ya chai hutoka jikoni hukohuko. Usiku dhoruba huhamia ziwani, zikawa taabu ya wavuvi.

Mwamba nao una sehemu yake. Gema la Manga ni kwatzaiti, mchanga wa kale ulioshikamana ukawa jiwe gumu; miamba laini iliyolizunguka imemomonyoka, lenyewe likabaki wima. Ni la kale kuliko Bonde la Ufa na Mlima Kenya. Mchango wake ni mwinuko tu. Shaba au dhahabu chini ya shamba lako haiiti radi, wala kioo kisichofunikwa.

Kinachoua ni kubaki wazi: kwenye shamba la chai, uwanjani, chini ya mkaratusi mrefu. Ukisikia ngurumo, ingia ndani ya jengo imara au gari lenye paa la chuma, usiegemee ukuta wala kushika bomba, na ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Aliyepigwa habaki na umeme mwilini, kwa hiyo mguse bila woga. Hatari kubwa ni moyo kusimama. Asipopumua, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitalini.